Siga Zinazonuka Omena

Aliyekosa gazeti lililopita nitamsaidia kwa maneno machache, maana mimi si mchoyo. Jina langu ni Onchiri. Nina duka mjini Migori, upande wa nyuma wa soko, na ukutani mwa duka hilo kuna karatasi yenye muhuri inayosema mimi ndiye wakala pekee aliyeidhinishwa kuuza siga kuanzia Isebania hadi Homa Bay.

Siga, si sigara. Sigara ni ya makanga wa matatu. Siga ni ule mkunjo mnene wa majani matupu ya tumbaku, unaovutwa na watu wenye vitambi huku wameelekeza nyuso kwenye kamera ya simu.

Mliniacha Alhamisi nikiwa na simu sikioni. Dorah, meneja wa hoteli moja ya Homa Bay, alikuwa akinieleza kwamba wageni wake walikwenda kupumzika kisiwani Takawiri, wakawasha siga nilizomuuzia, wakarudi wakisema zina ladha ya omena, wale dagaa wa ziwani. Sikuwa nimemaliza kumcheka alipopiga Wangwe, mkaguzi wa kampuni kutoka Nairobi. Alisema anakuja Ijumaa, na akikuta mali ya magendo ndani ya maboksi yangu, karatasi inashuka ukutani.

Kabla ya karatasi hiyo nilikuwa nauza patipati, zile ndala za plastiki, pale steji ya matatu. Watu waliniita Patipati, nami niliitika. Nilikuwa tayari kufanya lolote nisiitike tena, na hilo lolote ndilo nitakalowaeleza leo. Mkinidharau mwishoni, ingieni kwenye foleni, maana nimeshatangulia mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshampata mchawi wangu. Nani mwingine kama si Nchagwa wa Isebania? Nchagwa hana karatasi. Ana duka la vipuri vya baiskeli, na chini ya meza ana siga, na dunia nzima inajua. Anajua hata yule askari anayepita kwake kila wiki kununua mnyororo na hana baiskeli.

Mke wangu Bitutu alinikuta nafunga kamba za viatu.

"Baba Kemunto, unaenda wapi? Leo ni siku ya maandalio."

"Naenda mpakani."

"Na huo uchafu wako?"

"Uko dukani."

"Ukichelewa nitautoa mwenyewe. Sabato haitaukuta chini ya hii mabati."

Niwaeleze jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonimaliza. Sisi ni Wasabato. Mimi ni shemasi, na pale kanisani wanajua nauza bidhaa za hoteli, ambao ni ukweli kama hutauliza hoteli inanunua bidhaa gani. Tunaishi nyuma ya duka, chini ya mabati yaleyale. Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla jua halijazama, boksi la siga hutolewa nje na kupelekwa kwa Metrine, jirani yetu anayeuza omena sokoni. Metrine ni Mkatoliki, na Bitutu anaamini Mkatoliki hawezi kuharibika zaidi ya hapo. Jumamosi usiku ukiingia boksi linarudi nyumbani, na dhambi inaendelea ilipoishia.

Unga, mafuta ya kupikia na karo ya Kemunto vyote vinatoka kwenye huo uchafu. Lakini hivyo Bitutu huvipokea kwa sala ya shukrani, tena ndefu.

Mimi mwenyewe sijawahi kuvuta. Sijui siga nzuri inakuwaje mdomoni na sikutaka kujua. Niliuza kitu ambacho ulimi wangu haujawahi kukigusa, kwa watu ambao ningeona haya kukaa nao meza moja, na kwa ujinga wangu nilidhani hiyo ni sifa.

Nchagwa nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, anasugua mnyororo kwa mafuta ya taa. Ni mzee mrefu, mkavu, na ana tabia ya kumtazama mtu kuanzia viatuni kwenda juu. Akifika kifuani huwa ameshachoka, anarudi kwenye mnyororo wake.

"Karibu, mtu wa karatasi," akasema.

"Mzee Nchagwa, sikuja kunywa chai."

"Sijakupa."

"Unatia takataka zako kwenye maboksi yangu. Hoteli ya Homa Bay inalia."

"Boksi lako mimi nitalipata wapi? Mimi na wewe tumeonana mara ngapi?"

"Una watu."

"Niko na mke na ng'ombe. Huyo ng'ombe ndio anakuja Migori kufungua boksi lako?"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua matairi walicheka. Nikawatazama kwa jicho ambalo huwa nawatazama nalo watu wasio na vibali. Hawakuliona.

Nchagwa akanyanyuka, akaingia ndani, akaniita kwa kidole. Nyuma ya duka kulikuwa na chungu cha udongo kimefunikwa kwa kitambaa kibichi. Akakifunua. Siga zilikuwa zimelala ndani, za rangi ya kahawia iliyoiva, kila moja na utepe wake kiunoni.

"Nusa," akasema.

"Sivuti."

"Nimesema nusa. Kwani pua nayo imeokoka?"

Nikanusa. Zilinukia kama asali na kiatu kipya, na nililiudhikia jambo hilo sana.

"Mimi nimelima tumbaku hapa Kuria kutoka nikiwa kijana," akasema. "Jani likikauka kupita kiasi linakuwa kuni. Lazima lilale mahali baridi, lipate jasho kidogo. Wewe yako inalala wapi?"

"Kwenye boksi la kampuni. Kuna kifuko cha unyevu ndani. Tumeambiwa tusikitoe."

"Kifuko," akasema, kama mtu anayetajiwa mlevi wa kijiji.

Nikachukua siga moja nikautazama utepe wake. Ilikuwa na nembo ya kampuni yangu. Nikachukua ya pili. Nembo ileile.

"Mzee, hii ni mali ya kampuni yangu."

"Ni mali ya kampuni. Wewe si kampuni."

"Unaitoa wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Kijana, unadhani nyumba ya huko Nairobi iko na mlango mmoja tu? Wewe umepewa huo wa mbele, na karatasi ya kutundika. Tosheka."

Nilinunua boksi zima. Ushahidi, nikajiambia. Nitamwekea Wangwe mezani, aone mwizi wake alipo, na karatasi yangu itakaa ukutani mpaka muhuri ufutike kwa uzee. Nchagwa alinifungia boksi kwa gazeti la zamani. Wakala pekee aliyeidhinishwa akatoka kwa mlanguzi na mzigo kwapani, ameinamisha kofia, na wale wateja wa matairi wakanitakia safari njema.

Nilifika Migori saa tisa alasiri na kupata ujumbe wa Wangwe kwenye simu. Bwana mkubwa hakuwa na nafasi ya kufika kwenye vumbi letu. Alikuwa ameshafika Homa Bay, kwenye hoteli ya Dorah, ana maafisa wawili wa ukaguzi wa serikali, na alinitaka nipeleke boksi langu huko kabla ya giza.

Bitutu alikuwa anapiga deki.

"Boksi liko wapi?"

"Limetoka toka saa sita. Si nilikwambia?"

"Kwa Metrine?"

"Kwani kuna mwingine anakubali hiyo takataka?"

Nikazunguka sokoni mbio. Metrine alikuwa chini ya mwavuli wake wa kijani, anafukuza nzi kwa kipande cha katoni. Mbele yake alikuwa ametandaza turubai juani. Kulikuwa na omena upande wa kulia na omena upande wa kushoto. Katikati, zimepangwa mstari mmoja ulionyooka vizuri, zilikuwa siga zangu.

Nikafika ukingoni mwa turubai.

"Jirani, umekuja mapema," Metrine akasema. "Hazijakauka huku chini."

"Metrine, unafanya nini?"

"Nazianika. Leo jua ni poa."

"Unazianika?"

"Kila wiki mimi huzianika, kwani hukuwa unajua? Ile siku ya kwanza Mama Kemunto ameleta boksi, niliguza nikasikia ni kama limelowa. Nikafungua, nikapata kakifuko kako na maji ndani. Nikasema, maskini Onchiri, wamemuuzia mali inaoza. Nikakatupa hapo kwa mtaro. Wiki ingine boksi lingine, kakifuko kengine. Hao watu wa Nairobi ni wabaya, jirani. Wanakuwekea maji ndio boksi likuwe nzito."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ungetaka kunilipa."

Alikuwa akizungumza huku akizigeuza mojamoja kwa vidole vilivyoshinda kwenye omena tangu alfajiri. Moja ilipasuka ubavuni. Akalamba kidole, akajaribu kuibandika, akaniangalia kwa huruma.

Mwanamke mjinga, nilijisemea moyoni. Mtu anawezaje kuona tumbaku ya matajiri na samaki wa mboga akadhani vyote vinahitaji jua? Nilitamani kulipiga teke lile turubai. Lakini hata kwa hasira zangu nilijua nani alikuwa ameleta tumbaku kwa muuza omena. Nilikuwa nimeileta mimi, shemasi, ili Mungu asiione kwangu. Na kwa nini sikuwahi kusikia harufu? Kwa sababu duka langu linapakana na mstari wa omena na pua yangu ilishaizoea, na kwa sababu boksi likirudi sikulifungua. Nilikuwa nabandika kibandiko cha wakala halali juu yake na kulituma Homa Bay.

Magendo hayakuwapo. Mali iliyonuka ilikuwa yangu, yenye kibali. Mali safi ilikuwa ya Nchagwa.

Nilikaa kwenye benchi la Metrine, nikafungua lile gazeti. Nikachukua boksi langu la halali, lililobaki tupu, nikazipanga ndani siga za Nchagwa. Nikalifunga, nikabandika kibandiko. Kazi yote haikuzidi muda wa kumenya ndizi za chakula cha mchana, na mikono haikunitetemeka hata kidogo.

"Na hizi?" Metrine akauliza, akionyesha zile za kwenye turubai.

"Ziache tu."

"Basi nitazimalizia kesho. Kesho ni soko kubwa lakini nitazipatia nafasi. Usiwe na wasiwasi, jirani. Uende salama."

Hoteli ya Dorah ina baraza inayotazama ziwa, na kwenye baraza hiyo Wangwe alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya watu sita. Ni mtu mfupi mwenye viatu visivyowahi kukutana na matope. Kwenye kona, maafisa wawili walikuwa wamemgeukia samaki mkubwa na hawakuwa na habari na mtu mwingine. Jua lilikuwa limebakisha kidogo tu.

Dorah alinipokea kwenye ngazi. Ni mwanamke wa maneno machache, na yote huyatia chumvi.

"Oimore, jaduong'," akanisalimu kwa Kijaluo. "Wewe ndio umefanya wageni waniulize kama hii ni hoteli ama ni bichi ya wavuvi."

"Dada, tutaona leo nani muongo."

Wangwe akalifungua boksi. Akatoa siga, akaibinya kwa vidole, akaipitisha chini ya pua polepole, kama wanavyofanya watu waliojifunza kitu hicho kwenye video. Akaiwasha. Akafumba macho.

"Hii ndio mali yetu," akasema. "Madam, omena iko wapi hapa?"

Dorah akaichukua moja, akanusa, akakunja uso.

"Hii si ile."

"Ni ileile," nikasema. "Labda wageni wako walikula omena kwanza, halafu wakavuta."

"Wageni wangu ni Wajerumani."

"Hata Mjerumani anakula."

Wangwe akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeshinda, na mshindi hucheka na bosi. Niliiona karatasi yangu ukutani, imenyooka. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kutunga jinsi nitakavyomsimulia Bitutu, nikiruka sehemu kadhaa.

Kisha Wangwe akaigeuza siga, akausogeza ule utepe karibu na macho. Kicheko chake kikakatika.

"Madam, tuletee chai."

"Chai ndio hiyo mbele yako."

"Basi sukari."

Dorah akatazama bakuli la sukari lililojaa, akamtazama Wangwe, akaenda zake jikoni.

"Onchiri," Wangwe akasema kwa sauti ya chini. "Hizi siga umetoa wapi?"

"Kwenye boksi lenu."

"Siga tunazopeleka kwa mawakala ziko na mstari mmoja wa dhahabu kwa utepe. Hizi ziko na miwili. Hizi ni za maduka ya uwanja wa ndege. Hazifai kuwa Homa Bay hata moja."

Miaka yote nimeziuza na sikuwahi kuhesabu mistari. Nilizidharau mno kuzitazama. Nikaona waziwazi steji ya Migori, kamba mbili zimefungwa kati ya miti, na patipati za rangi zote zikining'inia.

"Ni Nchagwa amekuuzia?" akauliza.

Nilifungua mdomo kukana, kisha nikaufunga. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Bwana Wangwe, mimi sijamtaja Nchagwa."

Siga ilikuwa inaungua peke yake kati ya vidole vyake.

"Nchagwa ni mtu wa Isebania, anauza minyororo ya baiskeli," nikasema. "Wewe wa Nairobi umemjulia wapi?"

"Usiongee kwa sauti."

"Ni wewe unampelekea."

"Mtu ako na familia, Onchiri," akasema. "Mshahara wenyewe unaujua."

Nilimdharau palepale, na nitasema kweli, ilikuwa raha ya kwanza niliyoipata siku hiyo. Mtu aliyekuwa anakuja kunikamata kwa magendo ndiye mlango wa nyuma wenyewe. Nikaegemea kiti. Nikajimiminia chai yake.

"Basi tumelingana," nikasema. "Karatasi yangu inabaki ukutani."

"Hatujalingana. Hoteli imeandika malalamiko, na makao makuu wanataka mtu. Nchagwa hawezi kuwa, nikimshika ataongea. Mimi siwezi kuwa. Kwa hiyo umebaki wewe." Akagonga majivu kwenye sahani. "Isipokuwa unipe mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mtu yeyote hana kibali na ako na siga. Si kuna mtu alishika huo mzigo wako ukanuka samaki? Hao maafisa hapo wamekuja kushika mtu, hawawezi kurudi mikono mitupu. Wakimpata kesho asubuhi, mimi Jumatatu nasema wakala wetu ni msafi, kuna mtu alikuwa anamharibia mali."

"Atafanywa nini?"

"Atawekwa ndani. Korti itaamua. Kuuza tumbaku bila kibali si mchezo siku hizi."

"Hauzi."

"Nani hauzi?" Wangwe akauliza, na macho yake yakaamka.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza, wasomaji wangu. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyorudia sala. Ningesema sijui. Ningesema ni mimi, uzembe wangu, na karatasi ingeshuka, na ningerudi kwenye kamba zangu mbili pale steji nikiwa na jina baya na moyo mweupe. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Wangwe hata alikuwa ameinama kufuta kiatu.

"Metrine," nikasema.

"Metrine nani?"

"Jina la babake silijui."

Na ilikuwa kweli sikulijua. Mwanamke amelinda mzigo wangu wiki baada ya wiki na sikuwahi kumuuliza anatoka kwa nani.

"Anauza omena," nikaendelea. "Mstari wa pili ukitoka kwa wauza ndizi. Mwavuli wa kijani."

"Ako na siga sasa hivi?"

"Anazo. Kesho asubuhi zitakuwa nje, kwenye turubai. Hazifichi."

"Hazifichi?" Wangwe akatikisa kichwa. "Huyo mama ako na roho ngumu."

Nilieleza vizuri, nikataja hata kibanda cha jirani wasije wakakosea. Sijawahi kumweleza mteja bidhaa kwa ufasaha kama ule. Wangwe akaenda kwenye kona, akainama kwa wale maafisa. Wakanawa mikono, wakanyanyuka, gari likawaka. Walikuwa wanaenda kulala Migori ili wawahi soko. Wangwe akanipa mkono, akaniambia mimi ni mtu anayeelewa biashara, akachukua lile boksi lenye mistari miwili na kupanda ngazi kwenda chumbani kwake.

Nilibaki na chai iliyopoa. Jua lilikuwa limeshazama.

Dorah akatokea na bakuli la pili la sukari, akaliweka kando ya lile la kwanza. Hakuondoka.

"Huyo mama wa omena amekukosea nini?" akauliza.

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Hii ni hoteli yangu. Nimeuliza amekukosea nini."

"Hakunikosea."

"Amekuibia?"

"Hapana."

"Ni wewe ulimpea hizo siga?"

Nilichezea kijiko. Nilitaka aseme neno baya ili nimchukie, lakini Dorah alikuwa ananitazama tu jinsi anavyotazama shuka lililorudi kutoka kwa dobi na doa lilelile.

"Mpigie," akasema. "Atoe hizo vitu hapo kabla kupambazuke. Simu si hiyo mbele yako?"

Simu ilikuwa mbele yangu, kati ya mabakuli mawili ya sukari. Namba ya Metrine ilikuwa ndani. Maneno mawili tu yangetosha. Lakini akizitoa, maafisa watakuta turubai lina omena peke yake, Wangwe atakosa mtu, na mtu atakayebaki ni mmoja.

"Dada, jua limezama," nikasema. "Sabato imeingia. Sisi siku ya Sabato hatupigi simu za biashara."

Nilisema hivyo. Nilisema kwa sauti tulivu ya shemasi, na hata nilikunja mikono.

Dorah akavuta kiti alichokuwa amekalia Wangwe, akakaa mbele yangu, akatoa simu yake mfukoni mwa aproni.

"Basi nitajie namba yake," akasema. "Mimi si Msabato."

Na kidole chake kikakaa juu ya sifuri, kikinisubiri.